UZI: Elimu ya mikoko kwa vitendo. Tuanze na maji na matope, mche uje baadaye

Mwanzisha uzi (Kwale)

Ndugu wanajukwaa,

Kila tarehe 2 Februari, ambayo ni Siku ya Ardhioevu Duniani, na tena tarehe 26 Julai, siku ya kimataifa ya kuhifadhi mikoko, shule na vikundi vya pwani yetu hualikwa kwenye shughuli inayofuata utaratibu uleule: hotuba, fulana, picha ya pamoja, kisha miche ya mikoko inachomekwa kwenye tope kabla jua halijawa kali. Mimi hushiriki katika kuelimisha jamii kuhusu mikoko upande wa kusini wa Kwale, na nimefungua uzi huu kwa sababu naamini kwa dhati kwamba utaratibu huo unawanyima watoto na wazazi wao sehemu kubwa ya elimu ambayo mahali penyewe pangewapa. Mtu haijui mikoko kwa kupanda mche. Huijua kwa kutazama maji yanavyoingia na kutoka, kwa kushika tope, na kwa kuongozwa na wale wanaoingia humo kila siku kutafuta riziki. Mche uje baada ya hapo, tena ikiwa kweli unahitajika.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayopanga kila kitu. Katika pwani yetu bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katika bamvua kubwa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, ilhali siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Jambo ambalo kila mvuvi analijua, na ambalo waandaaji wengi wa shughuli hizi hawaliulizi, ni kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, wakati ambao watoto wapo shuleni na jua bado linavumilika. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, saa hizohizo ndizo za maji kujaa. Kwa hiyo tarehe iliyopangwa kwa kalenda ya ukutani inaweza kuwakuta wanafunzi 80 wamesimama ukingoni bila pa kukanyaga, na somo zima likageuka kuwa hotuba. Ningeomba tuanze kupanga ziara za mikoko kwa hesabu ya mwezi, na mtu wa kuulizwa siku awe mvuvi wa kijiji, mbele ya watoto, ili waone tangu mwanzo kwamba ujuzi wake ni elimu.

Maji yakishapwa, msitu husomeka kwa miguu. Ukitembea kutoka nchi kavu kuelekea baharini unapita kwenye kanda zinazobadilika, kwa sababu kila mti una kiwango chake cha kustahimili mafuriko ya chumvi: sehemu za juu, ambazo hufikiwa na maji ya bamvua pekee, utakuta kikandaa na mchu mfupi, ukishuka unaingia kwenye mikandaa iliyosongamana, kisha muia na mkoko wenyewe, mti ambao msitu mzima umeitwa kwa jina lake, na mwisho kabisa, palipo wazi kwa mawimbi, mlilana. Mchu una tabia ya kuota pande zote mbili, juu kwenye chumvi kali na chini karibu na bahari, na swali la kwa nini iwe hivyo linatosha kuwashughulisha wanafunzi wa sekondari asubuhi nzima. Msiwape jibu upesi. Waacheni walambe jani la mchu, waone chembe za chumvi ambazo mti umezitoa kupitia majani, kisha walambe jani la mkoko ambalo halina ladha hiyo, kwa kuwa mkoko huizuia chumvi nyingi kwenye mizizi kabla haijapanda juu. Nimewaona watoto wakibishana juu ya majani hayo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mizizi nayo hufundisha vizuri kuliko mchoro wa ubaoni. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, mchu hutoa vijiti vingi vinavyochomoza kutoka topeni, na muia hukunja mizizi yake kama magoti. Sababu ni moja: tope lililojaa maji halina hewa, na mzizi bila hewa hufa. Mchimbe shimo la kina cha mkono, wanafunzi wanuse. Harufu ile ya yai viza ni gesi ya salfidi ya hidrojeni, inayotolewa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Na kwa kuwa hewa ni haba, majani na mizizi iliyokufa huoza polepole mno, hivyo kaboni iliyomo hubaki imezikwa kwa muda mrefu sana. Hapo ndipo neno kaboni, ambalo wanakijiji hulisikia kwenye mikutano bila kulishika, linapopata rangi na harufu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji hela. Chukueni majani ya mkoko yaliyoanza kuwa ya manjano, mfunge kila jani kwa uzi mrefu wa cherehani wenye rangi, upande wa pili wa uzi mfunge kwenye kijiti, kisha mketi mbali na mnyamaze. Kaa watatoka, watashika majani, na baada ya muda nyuzi zote zitakuwa zimeelekea mashimoni. Mwanafunzi anayefuata uzi wake hadi shimoni ameshuhudia kwa macho yake kwamba chakula cha msitu huu hakisombwi chote na maji, kwamba kaa hukirudisha ardhini, na kwamba mashimo yao huingiza hewa na maji topeni. Rudieni zoezi hilo mahali palipokatwa miti, kisha mlinganishe. Hesabuni pia mashimo ya kaa ndani ya fremu ya mita 1 kwa mita 1 iliyofungwa kwa fito, na muandike kwenye daftari linalobaki shuleni, kwa sababu darasa la mwaka ujao litahitaji kulinganisha.

Sasa niseme kuhusu kupanda, maana najua wengi wataliuliza. Sipingi kupanda. Ghuba ya Gazi, iliyo hapa kwetu kusini mwa Mombasa, ilikatwa mikoko kwa wingi katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, na sehemu ambazo hazikuweza kujirudisha zenyewe zilipandwa kuanzia 1991 chini ya watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya wakishirikiana na wanakijiji. Lakini pale watu walichagua mti kulingana na mahali. Kinachofanyika katika shughuli nyingi za siku moja ni kuchukua mbegu ndefu za mkoko, kwa kuwa zinapatikana kwa urahisi na huchomekwa bila kitalu, na kuzipanda popote palipo wazi, hata kwenye uwanda wa chini unaofunikwa na maji muda mwingi mno wa siku, au juu ya majani ya bahari ambayo yenyewe ni malisho ya tafi na kasa. Miche hiyo hufa, na palipokuwa na majani ya bahari panabaki pamevurugwa. Kabla ya kupanda yapo maswali ya kujibiwa na wanafunzi wenyewe, wakiwa topeni: je, hapa paliwahi kuwa na mikoko? Kwa nini haipo sasa? Mbona haijaota yenyewe, ilhali miti mama iko hatua chache tu kutoka hapa? Mara nyingi jibu huwa ni mkondo uliozibwa na barabara au tuta la bwawa la chumvi, na kazi inayohitajika ni jembe la kufungua maji.

Wakati mwingine jibu liko mbali zaidi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, karibu na Mombasa, udongo ukafunika mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa katika eneo kubwa. Udongo ule ulitoka mashambani bara. Kwa hiyo elimu ya mikoko inayoishia kwa wakazi wa ufukweni peke yao imewaacha nje watu ambao jembe lao linaamua hatima ya hori.

Karibuni tuchangie, hasa walimu na wenye uzoefu wa Tanzania Bara na visiwani.

Mchangiaji (Tanga, mwalimu wa shule ya msingi)

Nashukuru sana kwa mada hii. Nina maswali mawili ya kiutendaji. Darasa langu lina wanafunzi wengi, na wazazi wa mtaa wetu, ingawa wanaishi karibu na bahari, huwakataza watoto kuingia kwenye mikoko kwa kuhofia tope, miiba na mambo mengine wanayoyaamini. Je, usalama unasimamiwaje? Na pili, mkaguzi akija akaniuliza nyuzi za cherehani na kaa vinahusiana vipi na muhtasari wa masomo, nimjibu nini?

Mchangiaji (Rufiji)

Nimesoma yote kwa makini na ninakubaliana na mengi, lakini naona mwanzisha uzi ameandika kana kwamba tatizo kubwa ni kutojua. Huku kwetu hali si hiyo. Delta ya Rufiji ina takribani hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina hii katika nchi yetu, na imo ndani ya eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar, orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu. Watu wa delta wanaijua mikoko kuliko mgeni yeyote anayekuja na bango. Wanajua mti upi unafaa kwa boriti na upi kwa mtumbwi, wanajua kamba wadogo hujificha wapi, na wanajua pia kwamba katika delta ya kaskazini, ambako maji mengi ya mto yalihamia mwishoni mwa miaka ya 1970, maji baridi ya masika husukuma chumvi nje kiasi kwamba ukifyeka mikoko unaweza kulima mpunga. Baada ya miaka kadhaa mavuno hushuka, magugu na kaa hushinda, na shamba jipya hufyekwa. Mkulima huyo hakosi somo kuhusu mizizi. Anachokosa ni mahali pengine pa kulima. Mikoko ni hifadhi ya serikali tangu enzi ya Wajerumani, kwa hiyo kila anapokutana na mtu anayemzungumzia mikoko, hukutana na amri. Elimu ya namna gani itamfikia mtu ambaye amezoea kuhamishwa?

Mchangiaji (Unguja)

Naomba niongeze ya visiwani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko upande wa Pete. Wageni wengi huja kwa ajili ya kima punju, kisha hupelekwa kwenye mikoko, na sehemu ya mapato ya hifadhi hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka. Njia ile ni nzuri, kwa sababu hata mzee asiyeweza kukanyaga tope anafika katikati ya msitu. Hata hivyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini watoto wetu wa skuli waipite njia hiyo mara moja tu kwa matembezi, ilhali mama zao na bibi zao huenda pwani kila bamvua kutafuta kombe na chaza, na huijua ghuba shimo kwa shimo. Mama anayetafuta tondo, wale konokono wa topeni, kwenye mikoko anaweza kukwambia tope la mwaka huu limebadilika vipi kuliko la miaka kumi nyuma, na hakuna daftari lililoandika maneno yake. Napendekeza somo la vitendo liwe pia kazi ya mtoto kwenda na bibi yake, kumuuliza, na kurudi skuli na majibu.

Mwanzisha uzi (Kwale)

Nawashukuru nyote.

Mwalimu wa Tanga, usalama kwanza. Hakikisheni mmeingia wakati maji bado yanatoka, na mmetoka kabla hayajaanza kurudi kwa nguvu. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa 6, lakini mikondo midogo nyuma yenu hujaa mapema kuliko uwanda mlipo. Kandambili hukwama na kukatika, kwa hiyo kila mtoto avae viatu vinavyofungwa, hata vya zamani, maana magamba ya chaza kwenye mizizi hukata kama wembe. Darasa kubwa ligawanyeni makundi, kundi moja liingie na mvuvi au mama mmoja mwenyeji, na makundi mengine yabaki juu yakichora, yakipima vivuli au yakihesabu ndege. Wazazi wanaokataza waalikeni waje. Mzazi aliyealikwa kuongoza kundi huwa hana tena sababu ya kuhofia. Imani za mahali nazo ziheshimiwe. Kama wazee wanasema sehemu fulani haiingiwi bila ruhusa, ombeni ruhusa, na watoto waone mkiiomba.

Kuhusu mkaguzi, mwoneshe daftari. Fremu ya mita 1 ni eneo, wastani na grafu katika hisabati. Jani la mchu na harufu ya tope ni sayansi. Majibu ya bibi, kama alivyopendekeza ndugu wa Unguja, ni insha ya Kiswahili na ni historia ya kijiji, na napenda sana wazo hilo kwa sababu linampa heshima ya mwalimu mtu ambaye shule haijawahi kumwita.

Ndugu wa Rufiji, umegusa penyewe, na sitaki kukujibu kwa haraka. Ni kweli kwamba elimu haiwezi kuchukua nafasi ya ardhi, na mtu anayemwendea mkulima wa delta na picha za mizizi anamkosea adabu. Ninachokiona huku ni kwamba watu huwa na hamu ya kujifunza zaidi wanapokuwa na sauti juu ya msitu na kipato kinachotokana nao. Gazi na Makongeni wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi isiende hewani. Fedha hupangiwa matumizi na wanakijiji wenyewe, na zimekwenda kwenye maji ya kunywa na vitabu vya shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata na hekta 460. Akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko, na wao ndio wanaotembeza wageni na kueleza kila mti. Kule Mida, karibu na Watamu, ada wanazolipa wageni kuvuka daraja la kamba na kutazama ndege wahamiaji zimekuwa zikichangia karo za wanafunzi wa sekondari wa familia zinazoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Katika vijiji hivyo mtoto akiuliza kwa nini tunapima unene wa mti, jibu analiona bombani na kwenye dawati.

Lakini nakiri uzito wa hoja yako kwa upande mwingine: hekta 117 ni kidogo, na msitu wa delta yenu ni mkubwa mara mamia, wenye wakulima, wavuvi wa kamba na wakata boriti ambao maslahi yao yanapishana. Mpango wa kaboni ukipelekwa huko juujuu unaweza kuwa amri nyingine kwa jina jipya. Ndiyo maana ningependa somo la vitendo la Rufiji lianzie shambani kwa mkulima wa mpunga, yeye akiwa mwalimu: apeleke wanafunzi kwenye shamba la mwaka wa kwanza, kisha la mwaka wa nne, kisha lile lililoachwa, wachimbe, waonje maji ya shimoni kama yana chumvi, wahesabu mashimo ya kaa na machipukizi ya mikoko yanayorudi yenyewe. Daftari hilo, likiandikwa na watoto wa delta kwa maelezo ya wazazi wao, lingeweza kuwekwa mezani kwenye mkutano wa kijiji na wasimamizi wa misitu, na mazungumzo yakaanzia kwenye kitu ambacho pande zote mbili zimekiona.

Mchangiaji (Rufiji)

Hilo la kumfanya mkulima awe mwalimu nalikubali, kwa sharti moja: asije akaulizwa kwenye daftari jina lake na mahali shamba lake lilipo, maana karatasi hiyo inaweza kurudi kama hati ya mashtaka.

Mwanzisha uzi (Kwale)

Sharti hilo ni la haki na ninaliweka kuwa la kwanza. Waandike umri wa shamba na hali ya udongo, wasiandike mwenye shamba wala mahali lilipo. Na kabla ya ziara, mkulima asomewe ukurasa mtupu ajue kitakachojazwa.

Kwa walio tayari kujaribu, bamvua ijayo inatosha kwa hatua ya kwanza, nayo ni kutembea na mvuvi mmoja na mama mmoja bila wanafunzi, ili mwalimu aijue njia na saa za maji. Vifaa ni fito nne, kamba, uzi wa cherehani, daftari na kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huyeyuka ukilowana. Ningeomba yeyote aliyewahi kuifanya kazi hii huko Lamu, ambako ndiko iliko zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, atuandikie hapa jinsi wakata boriti walivyoshirikishwa katika kufundisha, na waliombwaje hadi wakakubali.